Nawezaje kupiga picha za ziwa hapa Mwanza zikaonekana kama zimechorwa kwa brashi?

Binti wa Malimbe aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu.

Nina kamera ya kawaida yenye lenzi za kubadilisha. Lenzi zangu ni mbili: ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera yenyewe, na ya milimita 55 hadi 200 niliyonunua kwa mtu. Kazi yangu ya kila siku haihusiani na picha, ila jioni na mwisho wa wiki hutembea ufukweni, mara Malimbe, mara Kapri Point, nikipiga maji, mawe na mitumbwi. Sasa mwenye nyumba moja ya wageni ameniomba picha sita kubwa za kutundika ukumbini, na sharti lake ni moja tu: hataki picha za kadi ya posta, anataka picha ambazo mgeni akiziona kutoka mlangoni adhani ni michoro ya rangi, kisha akisogea agundue kwamba ni ziwa letu.

Picha zangu ni safi, na nadhani usafi huo ndio unaoniponza. Kila jani linaonekana, kila ufa wa jiwe, kila bati la nyumba za mlimani, na anga ni bluu iliyokolea kila mahali. Nimejaribu programu ya simu inayogeuza picha kuwa mchoro wa rangi ya mafuta. Matokeo yanavutia kwa dakika moja, kisha yanachosha, na sijaweza kueleza sababu. Nimesoma pia maelekezo ya wapigapicha wa pwani za Ulaya, lakini wao wana ukungu wa asubuhi na maji ya bahari yanayokupwa na kuacha mchanga uliolowa, vitu ambavyo sisi hatuna.

Ningependa kujua kutoka kwa waliozoea mwambao huu: sura hiyo ya mchoro hutafutwa saa ngapi na mahali gani, na ni kwa kiasi gani inatokana na kamera kuliko kazi ya kompyuta baadaye?

---

Mzee wa Igogo alijibu:

Marahaba, binti. Nianze na ile programu ya simu, maana kinachokuchosha humo ndicho kitakachokuonyesha njia. Mchoraji hatumii mkono mmoja kwa kila kitu. Jiwe hulijenga kwa rangi nzito, maji huyapaka kwa mivuto mirefu ya brashi, na mvuvi aliye mbali humwacha awe doa tu, au humkazia akitaka tumtazame yeye kwanza. Programu hutandaza mikwaruzo ya aina moja juu ya picha nzima, kuanzia wingu hadi kidole cha mtu, na jicho hutambua kwamba hapo hapakuwa na aliyeamua lolote. Picha yenye sura ya mchoro ni picha ambayo mpigaji ameamua nini kisionekane, na uamuzi huo ukifanyika ufukweni, kompyuta hubaki na kazi ndogo sana.

Mwamuzi wa kwanza ni mwanga, na hapa maelekezo ya Ulaya yatakupoteza kweli. Sisi tupo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu hushuka karibu wima, nyuzi moja kila dakika nne. Tangu likiwa nyuzi sita juu ya upeo hadi lizame ni kama dakika 25, na mwangaza laini unaobaki baada ya hapo hautimizi nusu saa. London mwezi Juni mwangaza huo wa baada ya machweo huendelea kwa zaidi ya dakika 40. Wanaposema usubiri saa ya dhahabu, kumbuka kwamba kwetu hiyo si saa. Zaidi ya hayo, saa za nchi nzima zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki ilhali Mwanza ipo karibu na nyuzi 33, na ndiyo sababu jua hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, na machweo yetu huangukia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi kulingana na mwezi. Ukifika ufukweni saa kumi na mbili, tayari umechelewa kuchagua mahali pa kusimama.

Kuhusu mahali, mji wetu upo upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, hivyo jua huzamia majini mbele yetu. Kila mtu husimama karibu na kivuko cha Kamanga, akaliweka jua nyuma ya Jiwe la Bismarck, akapata kivuli cheusi juu ya rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo kadi ya posta yenyewe. Ukitaka jiwe lionekane kama limechorwa, lipige dakika chache baada ya jua kuzama, wakati mwanga unapotoka kwenye anga nzima na kivuli hakina ukingo. Graniti ile, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, hutoa hapo rangi za kijivu, waridi na kahawia ambazo jua kali huzifuta, na ile michirizi myeupe ya kinyesi cha minandi na yangeyange huwa kama rangi iliyomwagika makusudi.

Uliandika kwamba hatuna ukungu. Tuna vumbi na moshi, na hivyo vinafanya kazi ileile. Kuanzia Juni hadi Septemba, nyasi zinapokauka na kuchomwa, hewa hubeba chembe nyingi, na kila kilima kilicho mbali zaidi huwa chepesi na cha bluu zaidi kuliko kilichotangulia. Wachoraji wameitumia kanuni hiyo kwa karne nyingi kuonyesha umbali. Panda mawe ya Kapri Point na lenzi yako ndefu, uivute hadi milimita 200, uelekeze kusini-magharibi ambako Kisiwa cha Saanane, ng'ambo ya Sengerema na vilima vya nyuma yake hupangana tabaka juu ya tabaka. Lenzi ndefu huyabana matabaka hayo yakawa karibu-karibu, na mabati yanayokukera hubaki nje ya fremu. Wakati wa mvua hewa ni safi na kila kitu ni kikali. Hapo usipige umbali, piga pazia la mvua linapovuka ghuba, kwa kuwa lenyewe linafuta nusu ya ulimwengu bila kuulizwa.

---

Fundi Lenzi alijibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu mwanga, nami niongeze upande wa kamera.

Tatizo lako kubwa jioni litakuwa tofauti ya mwanga kati ya anga na maji, na tatizo hilo ni la zamani kama fani yenyewe. Mwaka 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari zilizoshangaza watu wa Paris na London, wakati ambapo sahani za kioo za kamera ziliathiriwa mno na mwanga wa bluu kiasi kwamba anga iligeuka nyeupe tupu kabla maji hayajaonekana. Katika baadhi ya picha hizo alitumia negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, akaziunganisha kwenye upeo wakati wa kusafisha picha. Wewe una njia rahisi zaidi: hifadhi picha kama faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata), pima mwanga kwa sehemu angavu ya anga ili isiungue, kisha inua maji na mawe taratibu kwenye kompyuta. Usiyainue hadi yalingane na anga. Giza likibaki kwenye mawe ya mbele, liache libaki.

Jambo la pili ni ukali. Peter Henry Emerson, daktari aliyegeukia kamera, alipiga wakata matete na mashua katika maeneo ya maji ya Norfolk, Uingereza, miaka ya 1880, na mwaka 1889 alitoa hoja kwamba jicho la mtu huona kwa ukali sehemu ndogo tu ya katikati, kwa hiyo picha nayo iwe kali pale penye jambo lenyewe na ilegee kidogo kwingine. Mandhari yake yalikuwa maji baridi, matete na mashua za watu wa kazi, na ukisimama Luchelele asubuhi utaona kwamba hatuko mbali naye. Kwa lenzi yako ndefu fungua tundu la kupitisha mwanga hadi mwisho, weka ukali kwenye mtumbwi mmoja, na mafunjo yaliyo mbele yako yawe wingu la kijani.

Tatu ni mwendo. Weka ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kwa mwanga), tundu dogo la f/16, na kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, kati ya sekunde 1/15 na 1/4, kisha usogeze kamera polepole huku ukibonyeza: kwa kulala ukipiga maji na upeo, kwa wima ukipiga matete. Mstari wa upeo hubaki, mengine yote huwa mivuto ya rangi. Nyingi zitaharibika, na hiyo ni kawaida ya mbinu hii. Jioni kasi hizo hupatikana bila msaada, lakini mchana kwenye jua kali mipangilio hiyohiyo hukupa karibu sekunde 1/100, kwa hiyo utahitaji kichujio cheusi. Kile kinachopunguza mwanga mara 64 hukufikisha kwenye zaidi ya nusu sekunde, na hapo ukiwa na stendi, mawimbi madogo yanayogonga mawe ya Bwiru huanza kulainika, na ukirefusha hadi sekunde nyingi huwa kama pamba. Binafsi pamba hiyo imenichosha, kwa sababu kila ziwa duniani hufanana ikishatandazwa. Nusu sekunde huacha alama ya wimbi, sekunde 30 huliua.

Kichujio cha kuondoa mng'aro wa maji kiache nyumbani. Mng'aro ule juu ya maji ndiyo brashi yenyewe.

Kwenye kompyuta, punguza kile kitelezi kinachokaza kingo ndogondogo, inua weusi kidogo usiwe mweusi wa lami, na chagua rangi mbili au tatu za kutawala picha. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kugusa.

---

Kijana wa Kayenze alijibu:

Ng'wangaluka wote. Mimi nimekulia mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja usiku.

Wakati wa giza, yaani siku ambazo mwezi haupo angani, wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa, na ukisimama Kayenze au Igombe unaona mstari wa taa kwenye upeo kana kwamba kuna mji mwingine majini. Weka kamera juu ya stendi, acha shata wazi kwa sekunde 15 hadi 30, na kila taa, kwa kuwa mtumbwi unayumba, itajichora yenyewe mkwaruzo mfupi wa mwanga, na hakuna mkwaruzo unaofanana na mwenzake. Zamani karabai zilitoa rangi ya manjano. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola, nyeupe inayoelekea bluu, na mahali zote mbili zinapochanganyika picha huwa nzuri zaidi. Siku za mbalamwezi usijisumbue, dagaa hawavutwi vizuri na taa na wavuvi wengi hupumzika, lakini ndiyo siku za kwenda mchana kuwakuta wakishona nyavu.

Siku za mwandamo wa mwezi kuna jambo jingine: wale wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mamilioni na kupanda juu kama nguzo za moshi, ambazo upepo huzipinda na kuzisukuma. Mgeni hudhani meli inaungua. Kwa lenzi yako ya milimita 200, ukiwa nchi kavu, nguzo hizo mbele ya anga ya alfajiri ni mchoro usiohitaji kuguswa. Zikifika kwako, funika lenzi na ufunge mdomo.

Neno moja kuhusu watu. Ukifika mwaloni, Kirumba au kwetu, tafuta kwanza viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, usalimie, useme picha ni za nini. Wavuvi wengine huiogopa kamera kwa sababu ya misako ya nyavu haramu, na akina mama wanaoanika dagaa hawapendi kupigwa kama vile wao ni sehemu ya mawe. Ukisharuhusiwa, inama karibu na dagaa walioanikwa: jua la asubuhi likiwapiga kwa pembeni, fedha ile haina mfano. Saanane nayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, na kwa kuwa picha zako zitalipiwa, uliza ofisi ya hifadhi kabla hujapanda boti.

---

Mchoraji wa Kirumba alijibu:

Naomba kupinga kidogo. Wachangiaji wote mmedhani kwamba neno mchoro maana yake ni ukungu, ulaini na rangi zinazoyeyuka, yaani mchoro wa Mzungu wa karne ya 19. Mimi nachora kwa kuishi, na michoro ambayo wateja wa nchi hii wameikuta ukutani tangu utotoni haifanani na hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, alipaka rangi za kung'aa juu ya vibao, akitandaza nyuma rangi moja bapa, kisha mnyama au ndege mbele yake mwenye mstari ulio wazi, bila kivuli na bila umbali wowote.

Mwanga wa namna hiyo tunao kila siku, nao ni ule ambao wapigapicha wote huukimbia. Saa saba mchana, hasa katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapopita utosini kabisa, kivuli hujificha chini ya kitu chenyewe. Mtumbwi uliopakwa nyekundu na kijani, ukipigwa kutoka ubavuni wakati huo, ukiwa umejaza fremu na nyuma yake maji matupu ya rangi moja, huwa kibao cha Tingatinga bila brashi kuguswa. Vivyo hivyo mjusi wa mawe wa Saanane, dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa bluu, juu ya graniti isiyo na kivuli. Hapo unahitaji ukali wote wa lenzi yako, tundu la f/8 au f/11, na ule usafi unaoulalamikia ndio utakaokufaa. Kinachotakiwa ni kuondoa vitu kwenye fremu hadi vibaki viwili.

Usimpe mwenye nyumba picha sita za machweo. Wageni wake wanayaona bure dirishani.

---

Binti wa Malimbe aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na Mchoraji amenifungua macho kwa upande ambao sikuutarajia. Nadhani nitachanganya: tatu za matabaka na mwendo, moja ya taa za dagaa, mbili za mchana bapa.

Yamebaki maswali mawili. Fundi Lenzi, kuunganisha anga ya picha moja na maji ya nyingine kama alivyofanya Le Gray, je, huko si kumdanganya mnunuzi? Na je, uchapishaji: kamera yangu ina pikseli milioni 24, ukumbi upo karibu na maji na una madirisha makubwa ya upande wa magharibi, nami nimeshauriwa kuchapisha kwenye turubai ili sura ya mchoro ikamilike.

---

Fundi Lenzi alijibu:

Dada, kwa swali la kwanza, mimi huweka mpaka kwenye muda. Picha mbili zilizopigwa kutoka stendi moja, dakika ileile, moja kwa ajili ya anga na moja kwa ajili ya maji, ni kitu kilekile ambacho jicho lako lilikiona. Le Gray mwenyewe alivuka mpaka huo: wingu moja lake linaonekana juu ya bahari tofauti. Matokeo yalikuwa mazuri sana, lakini mwenye nyumba anauza mandhari ya Mwanza kwa watu watakaotoka nje kuyatazama, kwa hiyo anga ya Agosti juu ya maji ya Aprili mimi nisingeiweka. Ukiiweka, mwambie.

Kuhusu ukubwa, pikseli milioni 24 ni takriban 6000 kwa 4000, ambazo kwa nukta 200 kwa inchi hukupa inchi 30 kwa 20. Picha za mwendo na za matabaka hazina kingo ndogo za kupoteza, kwa hiyo hata nukta 150 zinatosha, nazo hukufikisha inchi 40 kwa 27 hivi. Zile mbili za mchana bapa usizikuze hivyo, kwa sababu ukali ndiyo mtaji wake.

Turubai siishauri. Nyuzi zake huweka umbile la aina moja juu ya maji, jiwe na anga, na hapo unairudia ile programu ya simu kwa mlango wa nyuma. Tafuta karatasi nene ya pamba isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa, katika ukumbi wenye madirisha ya magharibi, itaonyesha madirisha kuanzia saa kumi jioni. Usikubali pia kuchapishiwa kwenye lile plastiki la mabango, hata fundi akikuhakikishia kwamba rangi ni zilezile.

Kwenye fremu, mwambie seremala aache nafasi kati ya kioo na karatasi kwa kuweka pambizo la kadibodi nene pande zote, maana unyevu wa ziwa huigandisha karatasi kwenye kioo na baadaye haibanduki bila kuchanika. Nyuma ya fremu asizibe kabisa. Aweke vipande vidogo vya mbao vya kuitenganisha na ukuta ili hewa ipite. Ukuta unaotazamana moja kwa moja na madirisha hayo uachie saa ya ukutani au kioo, na picha zako zining'inie kwenye kuta za kaskazini na kusini, ambako jua la jioni huzifikia kidogo zaidi. Kabla ya kuchapisha zote sita, chapisha kwanza moja ya matabaka kwa ukubwa kamili, uitundike pale ukumbini, uitazame kutoka mlangoni mchana na tena usiku taa zikiwashwa, kwa kuwa rangi za bluu nyepesi hubadilika sana chini ya taa za manjano.